Mtu Asiye na Kosa

Kwa miaka tisa ya ugenini Fundi hakuwahi kumpima Mheshimiwa. Ndivyo alivyozoeshwa tangu enzi za ikulu: mwili wa rais hauzungushiwi futi ya fundi nguo. Alipewa koti la zamani, akalipima hilo, akashona. Walipopinduliwa wakakimbia, wapambe waliingia mitini mmoja mmoja, hata mpishi. Akabaki Fundi na cherehani yake chumba cha nyuma, akimshonea suti mtu asiye na pa kuivalia. Acheke atakaye.

Yeye alichotaka ni kurudi kwa mkewe. Pasi yake ya kusafiria ilishakwisha muda, na ubalozi wa serikali mpya ulimwambia mtu wa ikulu ya zamani asubiri. Akasubiri mpaka akaota mvi. Kwa hiyo mahakama ilipoamua Mheshimiwa arudishwe kwao akashtakiwe, nyumba ilizizima, lakini Fundi, Mungu amsamehe, alifurahi. Ndege si ni hiyo hiyo? Akashona suti ya safari, akafunga begi.

Asubuhi maofisa walipofika, Mheshimiwa akatoka na suti mpya. Lo! Koti lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Mzee wa watu alikuwa amekwisha, na Fundi miaka yote alikuwa bado anamshonea rais.

"Niwie radhi, Mheshimiwa." Akamshika mgongo kwa mara ya kwanza, akabana kitambaa kwa pini. Mbavu alizigusa moja moja.

"Na huyu ni mtu wangu," Mheshimiwa akawaambia maofisa. "Twende naye."

Ofisa akatazama karatasi. "Hapa jina ni moja tu. Mzee, wewe una kesi yoyote?"

"Andika yoyote," Fundi akasema. "Nimekula naye. Nimemvalisha."

"Huna kosa, baba. Wewe baki."

Kisha akamkagua Mheshimiwa, akachomoa pini zote, akamwekea Fundi kiganjani. Koti likalegea tena. Gari likaondoka.

Fundi akakaa juu ya begi lake, akampigia mkewe.

"Mama watoto, Mheshimiwa anakuja huko leo."

"Nimesikia redioni! Kitanda nimeshatandika. Mnafika saa ngapi?"

"Yeye anafika jioni."

"Na wewe?"

"Mimi wamesema sina kosa," akasema, na kilio kikamshinda.