Jibu Halikuwa Langu

Tangu nianze shule ya msingi mpaka sasa nipo kidato cha tatu, nimenyoosha mkono darasani mara moja tu. Nikiulizwa najibu, tena kwa sauti inayoishia kooni. Nisipoulizwa nanyamaza mpaka kengele. Bukoba, ninakosoma bweni, wenzangu hunitania kwamba siku nitakayonyoosha mkono mvua ya mji ule itakatika mwaka mzima.

Mara hiyo moja haikuwa shuleni kwangu. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, huku kwetu Muleba, katika darasa la watu wazima analofundisha mama yangu. Na jibu nililolitoa nilikuwa nimemwibia bibi aliyekaa pembeni yangu.

Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Jumanne na Alhamisi, watoto wakishaondoka, huwafundisha watu wazima kusoma na kuandika katika chumba cha darasa la pili. Wanakuja wanawake kumi na kitu na wanaume wanne, wanajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Kabla sijafunga shule alikuwa ameitwa semina mjini Bukoba, akarudi na jambo jipya. Alisema kule wameelezwa kwamba mtu mzima asifundishwe kunakili tu, afundishwe kukipima kinachoandikwa, na ajiulize yeye mwenyewe kwa nini anaamini anachokiamini. Nilimsikiliza huku namenya ndizi, nikaona hayo ni maneno ya semina. Wanafunzi wake nawajua. Siku moja chaki ilimteleza mama akachora mstari ubaoni bila kukusudia, na mzee mmoja akauchora kwenye daftari lake, kwa rula.

Akaniambia nisikae nyumbani bure, niende nikakae na wale ambao mikono yao bado ni mizito. Nikapewa bibi mmoja jirani yetu, mjane, kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, kimepakana na chetu. Yeye alikuwa na sababu yake ya kusoma, na aliniambia siku ya kwanza kabla hata sijamchongea penseli. Binti yake yuko Mwanza, humtumia meseji, na wanaomsomea ni wajukuu. Meseji imejaa kioo kizima cha simu, mjukuu anaisoma kwa maneno mawili: mama mzima, anakusalimia. Bibi alisema hataki makubwa, anataka tu aone wanachoruka.

Nilimpenda kwa hilo. Ninaandika hili ili isionekane kwamba nilimfanyia vile kwa sababu sikumpenda.

Alhamisi ya wiki ya pili mama aliandika sentensi tano ubaoni kuhusu mnyauko wa migomba. Kwetu huo hauhitaji kuelezwa. Majani yanakuwa ya njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata ndani unakuta ute wa njano, na kibanja alichoacha babu kinakwisha unakiangalia. Miaka miwili iliyopita bibi huyu alipoteza nusu ya kibanja chake, na sisi tulikuwa tunamwona kila siku na panga lake akikata mmoja baada ya mwingine.

Darasa likainama kuandika. Bibi alikuwa anasoma kwanza, silabi kwa silabi, kidole kikitembea hewani kufuata ubao. Sentensi ya kwanza akaimaliza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne kidole kikasimama. Ilikuwa imeandikwa: Ukimaliza kukata mgomba mgonjwa, endelea na mingine kwa panga lile lile.

Akaninong'oneza kwa Kihaya kwamba mama yako hapo amekosea. Panga ndilo lililomaliza kibanja changu, akasema, niliuhamisha ugonjwa mwenyewe kwa mkono wangu, kila mgomba niliougusa. Bwana shamba alikuja kumwambia hayo kila kitu kimeshaisha: panga lipitishwe kwanza kwenye moto.

Mimi nilikuwa nimeisoma sentensi ile bila kuona kitu. Lakini aliposema tu, nilijua yuko sahihi. Nikapatwa na hofu. Mama amekosea ubaoni, mbele ya watu wazima, na wamo wanaume kule nyuma ambao hata hivi hivi wanapenda kumcheka mwalimu mwanamke. Bibi alikuwa ameanza kunyanyua mkono, kiwiko kimeshatoka kwenye dawati. Nikamshika kifundo cha mkono, nikaushusha.

"Bibi, nakili tu," nikamwambia. "Mwalimu ndiye aliyesoma."

Akaniangalia. Halafu akachukua penseli, akanakili. Aliiandika ile sentensi ya nne kwa herufi zake kubwa, moja moja, na kila neno akilijua kuwa ni uongo. Ilimchukua muda mrefu, nami nilikuwa pale namwangalia akiandika, na sikusema basi bibi, acha.

Walipomaliza, mama akaweka chaki chini, akauliza kama kuna mwenye la kusema juu ya yaliyoandikwa. Akauliza tena. Sauti moja nyuma ikasema mwandiko ni mzuri sana mwalimu, watu wakacheka. Ndipo mama akasema kwamba katika sentensi zile tano ameweka uongo mmoja, makusudi, na anataka atakayeuona. Madaftari yakainuliwa usoni.

Nilielewa mara moja. Hakukosea, ilikuwa ile semina yake. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo mno, kumgeukia bibi tu nimwambie haya, sema sasa. Lakini bibi alikuwa ameinamisha kichwa, mikono ameificha ndani ya kanga. Na mama pale mbele alikuwa na uso ule ninaoujua, wa mtu aliyepika chakula cha wageni na wageni hawakuja. Nikanyoosha mkono.

Nikasema panga linaambukiza, lipitishwe motoni kwanza. Mama alifurahi mpaka akasahau kwamba mimi si mwanafunzi wake. Akaniuliza lile swali walilofundishwa semina, la kumuuliza kila anayejibu: "Umejuaje?"

Nikasema tumesoma shuleni, kwenye baiolojia.

Mama akaomba nipigiwe makofi matatu. Bibi naye alipiga. Matatu, kama wote.

Jumanne hakuja. Alhamisi hakuja. Mama akasema ni msimu wa kahawa, atakuwa anavuna. Nikamwachia aamini hivyo. Nyumbani alimsimulia baba jinsi binti yao alivyonyoosha mkono mbele za watu, yeye ambaye hata kanisani kuimba anaimba na sakafu. Baba akaniongezea kipande cha samaki. Nilikila, na nilijua ninachokula.

Jumamosi nikashindwa kuvumilia. Nikavuka mpaka wa kibanja, nikamkuta uani anatandaza kahawa kwenye jamvi. Nikapiga magoti nikamsalimia, akaitikia vizuri tu, akanionyesha upande ambao bado haujatandazwa, nikaanza kutandaza. Tukafanya kazi mpaka jamvi likaenea. Halafu nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

"Kwa lipi?" akauliza.

Nikasema kwa lile jibu, lilikuwa lake.

"Jibu chukua. Mimi ninalo tangu kibanja kilipokufa," akasema. "Lile la kunishika mkono, ndilo umelijia?"

Akaendelea, bila kupandisha sauti. Mama mkwe wake alikuwa akimshika vile vile, kila yeye alipotaka kusema mbele ya wageni. Mume wake pia. Hao walikuwa wakubwa wake, akavumilia. Mimi alinibeba nikiwa na siku tatu. Lakini akasema kwamba hasira yake juu yangu ilikaa siku moja tu ikaisha. Siku zilizobaki alikuwa na hasira na yeye mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyemshikia penseli. Aliandika uongo anaujua, kwa vile mtoto aliyevaa viatu vya shule amemwambia aandike. Sasa anakwenda kusoma ili iweje? Ajue wanachoruka wajukuu, halafu akiambiwa anyamaze anyamaze?

Nikamwomba arudi. Nilisema kama mtoto mdogo, bibi tafadhali rudi, mama anakuuliza.

"Usinipigie magoti hapa," akasema. "Hapa kuna nani wa kukusikia? Wewe na mimi na kuku."

Hakusema atarudi. Hakusema pia kwamba hatarudi. Akaingia ndani kutazama chungu chake cha ebitoke, ndizi za kupika, nikajua mazungumzo yamekwisha.

Jumanne nilikwenda darasani. Sikumwambia mama kabla, nilijua nikimwambia nyumbani nitaona nimeshasema. Alipoanza kuita majina nikasimama. Nikasema jibu la panga si langu, ni la bibi, yeye ndiye aliyeuona uongo, mimi nikamzuia asiseme halafu nikalisema mimi. Mama alikuwa ameinamia orodha ya majina, hakunisikia vizuri, akadhani nimesimama kwa jambo jema. Akaniambia:

"Rudia kwa sauti, wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa kuwa sasa mama alikuwa anasikiliza. Nikaongeza kwamba hata baiolojia ilikuwa uongo, hatujasoma hayo.

Kisha mzee yule wa rula akakohoa, akasema basi na yeye aseme, hata yeye aliiona ile sentensi akashangaa, ila akawaza mwalimu ni mtu wa serikali, labda siku hizi panga limebadilika. Mwanamke mmoja akasema na yeye. Mwingine akasema yeye aliona lakini akamtazama jirani yake anaandika, akaandika. Watu wakaanza kucheka, wanachekana wenyewe, mwisho ikawa karibu nusu ya darasa walijua. Mama alikaa kwenye dawati la mbele kama mwanafunzi. Aliwaambia kwamba yeye alimuuliza mtoto wake umejuaje, akapewa jibu jepesi, akalikubali kwa sababu ni mtoto wake na kwa sababu lilitoka shuleni. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Hakuna aliyeniambia nikae.

Njiani kurudi nyumbani mama alitembea mbele. Tulipofika kwenye kona ya kahawa za jirani akasimama.

"Ulidhani nimekosea kweli, ukataka kunifichia?"

Nikasema ndiyo.

"Basi kama ningekosea kweli, watu wote wale wangekwenda kuua migomba yao kwa maneno yangu. Na wewe ungenipigia makofi."

Hakuniambia neno lingine mpaka asubuhi. Nilitamani anichape.

Alhamisi bibi alikuja. Alichelewa, akasalimia wote, akapita dawati letu, akaenda kukaa la mbele na mwanamke mwingine. Nikabeba vitu vyangu nimfuate, akageuka.

"Wewe kaa hapo hapo," akasema. "Nitaandika mwenyewe."

Nikakaa. Siku ile somo lilikuwa mbu na malaria, na mama aliandika kwamba mbu huzaliwa kwenye maji yaliyotuama, madimbwi na makopo. Bibi akanyoosha mkono kabla hata ya kufungua daftari. Akasema si kweli, mbu wanatoka kwenye migomba, yeye kila jioni anawaona wakitoka. Wengine wakamcheka, mzee wa rula akamwambia maji na mgomba wapi na wapi. Hakushusha mkono. Mama akamuuliza amejuaje, akajibu kwa macho yake. Wakabishana mpaka mama akaweka chaki, akasema basi twendeni tukaangalie.

Wakatoka wote kwenda kwenye migomba ya nyuma ya shule. Nikafuata mwisho kabisa. Bibi alishika jani moja pale linapoungana na shina, akalivuta chini, akasema tazameni hapa, mvua ya jana imo, na ndani kuna vitu vinacheza. Wakasogea, wakainama, vichwa vikakutana. Mama akawa anasema naye hajawahi kuangalia hapo. Kutoka niliposimama sikuona kitu, na sikumwomba mtu anipishe.