Gauni la Zambarau la Adhiambo

Adhiambo wa Jericho aliposema atavaa gauni la zambarau siku ya harusi yake, Anti Elsie alishika kiuno.

"Bibi harusi huvaa nyeupe! Unataka watu waseme nini?"

"Anti, kanisani kwetu kila Jumapili sote tunavaa kanzu nyeupe, hata wewe. Bwana harusi wangu Caleb atanitambuaje?"

Anti alinuna wiki mbili nzima.

Siku yenyewe ilipofika, alisimama mlangoni mwa kanisa akiimba na wenzake, kanzu yake imenyooshwa kwa pasi kama karatasi. Mpiga picha, mgeni kutoka Kayole, alitupa macho kwenye weupe ule mpaka akachoka.

"Mama, bibi harusi ni yupi?"

Anti Elsie akamsonya. "Kwani huna macho? Si huyo wa zambarau!"