Bunduki ya Nyati Katika Kijiji Kisicho na Nyati

Kovu hili lililo juu ya jicho langu la kulia, lililopinda kama mwezi mchanga, watoto wa kanisani huniuliza habari zake kila Jumapili, nami huwajibu kwamba niligongwa, jambo ambalo ni kweli kabisa, ila huwa siendelei. Leo nitaendelea. Mungu amenipa umri wa kutosha kujua kwamba aibu ikishapoa inaliwa kama chakula kingine, na ni afadhali niwapakulie mimi mwenyewe kuliko mke wangu, maana yeye huongeza chumvi.

Chanzo ni nguruwe pori. Sisi tunaoishi pembezoni mwa msitu, upande wa mlima Rungwe, tunawajua: wanashuka wakati watu wamelala, wanafukua viazi tuta kwa tuta kama wana mkataba, na asubuhi unakuta shamba limelimwa upya bila wewe kuomba. Kijiji kikaamua mtu mmoja mwaminifu aombe kibali cha kumiliki bunduki ya kuwindia, na wakanichagua mimi kwa sababu ni mzee wa kanisa na sinywi pombe. Hakuna aliyeuliza kama najua kulenga. Nikafuata taratibu zote, nikahudhuria mafunzo, nikapewa kibali, nikamshukuru Mungu, nikaenda Mbeya dukani.

Dukani nikamkuta dada mmoja mtulivu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mbele yangu bunduki nyembamba, nyepesi, ya risasi ya wastani. Akasema hiyo inamtosha nguruwe na bega langu litanishukuru. Nami ningeichukua, ndugu zangu, ningeichukua na leo nisingekuwa na cha kuwasimulia, kama nisingemkumbuka mkwe wangu wa Kiwira.

Huyu mkwe, Mzee Ambakisye, ndiye baba wa Tumpe, aliyeolewa na mwanangu Gwakisa. Ni mtu mwema, ila ana bunduki ya kuwindia tangu zamani, na mkikaa naye hata mkiongelea bei ya chai, mazungumzo yataishia kwenye bunduki yake. Ilikuwa ya risasi ya wastani. Basi nikanyoosha kidole kwenye ile iliyokuwa juu ya ukuta, nene, ndefu, yenye mtutu kama bomba la maji.

"Mzee, ile ni ya nyati," akasema yule dada. "Kwenu kuna nyati?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Wakija," nikasema.

Akanitazama kidogo, akaishusha. Akanishauri nichukue na mpira laini wa kuvalisha kitako cha bunduki, kwa sababu bunduki ile inapiga teke, nikakataa, nikamwambia mimi nimelima kwa jembe la mkono miaka yote, bega langu si la mayai. Nikataka darubini ya kulengea, kubwa, inayong'aa. Akasema fundi wao angeifunga vizuri na kuipima, nirudi wiki inayofuata. Lakini Jumamosi ile wakwe walikuwa wanakuja. Nikasema nitaifunga mwenyewe, bisibisi ninayo. Njiani nikapita Bulyaga kwa fundi Salehe, anayeshona viatu na mikoba, akanitengenezea mkanda wa ngozi wa kubebea bunduki begani. Alipouvuta kuujaribu akasema, "Mzee wangu, mkanda huu tutauacha sote duniani." Nikaona sasa nimekamilika.

Hapa lazima niwaeleze jambo la kwetu, kwa wale msiotoka Unyakyusa. Mke wa mwanao hakutani nawe uso kwa uso. Hakutaji jina, hakai ulipokaa, akikuona njiani anatoka njiani, anajisitiri mpaka upite, na wewe nawe ukikaribia nyumbani unakohoa kwanza ili apate nafasi. Vijana wengi wameacha, wengine wanakula na baba mkwe meza moja na kumwomba amsogezee chumvi, wala siwalaumu. Lakini Tumpe alilelewa na bibi yake, akayashika mafundisho hayo sawasawa, tangu siku ya harusi nilikuwa sijaiona pua yake. Na mama yake, Mama Tumpe, mtu wa maneno machache na macho mengi, alikuwa ameshamtumia mke wangu ujumbe kwamba Jumamosi anakuja kuona binti yake anaishije, na asipoikuta heshima katika nyumba yetu anaondoka naye, mazungumzo yatafuata baadaye. Gwakisa alikuwa hali vizuri wiki nzima. Nikamwambia, "Mwanangu, kwa heshima usiwe na wasiwasi, hiyo niachie mimi."

Jumamosi ikafika, wakwe wakafika, wakala ndizi na kuku, Mama Tumpe akachungulia jikoni, akachungulia zizini, akarudi akakaa, uso wake hausemi kitu. Mume wake akafuta mikono.

"Mzazi mwenzangu, nasikia na wewe umenunua."

Nikaileta. Akaipokea kwa mikono miwili, ikamshusha kidogo.

"Ni nzito."

"Ni ya nyati."

"Mmepata nyati?"

"Tunajiandaa."

Akaiweka begani, akaitoa haraka. "Mkwe, darubini hii imekaa karibu mno na jicho. Aliyeifunga ni nani?"

"Mimi. Navaa miwani, nikaisogeza ili nione vizuri."

"Utaona," akasema.

Sasa mtu mwenye akili angesema asante, angerudisha bunduki sandukuni na kuleta chai. Mimi nikasema twende nikakuonyeshe. Chini ya shamba letu kuna ukuta mrefu wa udongo ambapo afisa wanyamapori alituruhusu kujaribia, nyuma yake hakuna nyumba wala njia. Majirani wakaona bunduki inashuka, nao wakashuka. Nikawapanga wote pembeni, chini ya mparachichi, nikatuma mtu aweke ndoo kuukuu mbele ya ukuta, akarudi, nikahakikisha mbele yangu hakuna kiumbe. Nyuma yangu sikuangalia. Nyuma kulikuwa na mteremko mfupi wenye utelezi, kisha migomba, na katikati ya migomba njia inayotoka kijitoni.

Kwenye njia hiyo, wakati huohuo, Tumpe alikuwa anarudi na ndoo ya maji kichwani. Akaniona mgongo. Akafanya alichofundishwa: akatoka njiani, akatua ndoo, akachuchumaa nyuma ya mgomba, akajifunika kanga kichwani, akasubiri niondoke. Watu wote pale mparachichini walimwona, ila hakuna aliyenena, kwa sababu mtu anayejisitiri hatajwi, kumtaja ni kumvua. Baadaye niliambiwa kwamba Mama Tumpe alipoona hivyo aliitikia kwa kichwa, ameridhika, mara ya kwanza tangu afike. Laiti tungeishia hapo.

Nikaomba. Mzee wa kanisa hafyatui risasi yake ya kwanza bila sala, na kwa kuwa wakwe walikuwepo sala ikawa ndefu, nikashukuru kwa mvua, kwa viazi, kwa ndoa ya watoto wetu, kwa serikali, kwa waliobuni bunduki, nikawaombea hata nguruwe watubu. (Kumbe mtu amechuchumaa nyuma yangu magoti yanamuuma.) Amina. Nikabana kitako begani, nikaingiza jicho ndani ya darubini, nikaiona ndoo kubwa kama nyumba, nikavuta triga.

Mlio siukumbuki. Nakumbuka nilipigwa sehemu mbili kwa pamoja, begani kama teke la ng'ombe na juu ya jicho kama nyundo, kwa maana darubini ilirudi nyuma na kukuta hakuna nafasi, kuna mimi. Bunduki nikaiacha ikalala kwenye nyasi, mwenyewe nikaanza kurudi kinyumenyume, nikaukuta mteremko, mteremko ukanipokea, nikateleza mgomba hadi mgomba, nikaenda kukaa. Nilikaa juu ya kitu laini. Kisha ndoo ya maji ikatumwagikia.

Nilipofungua jicho moja nikauona uso wa mke wa mwanangu, karibu kuliko ninavyouona wangu nikinyoa ndevu.

Tungeachana hapo kila mtu akakimbia upande wake labda ingefichika, lakini damu ilikuwa inanitoka kama bomba lililopasuka, na yule binti, kabla hajakumbuka chochote, alikuwa ameshavua kanga kichwani na kunibana nayo kwenye paji la uso, mkono wa pili ameshika kisogo changu.

"Tata, tulia," akasema. Tata ni baba kwa lugha yetu. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu.

"Tumpe," mama yake akaita kutoka juu. "Mwachie."

"Nikimwachia damu inatoka."

"Mwachie, mkewe yupo."

Mke wangu akashuka kweli, akanitazama, akakaa chini. "Mimi siwezi," akasema, "nacheka."

Zahanati iko mbali, na usafiri uliopatikana ni bodaboda moja. Dereva mbele, mimi katikati, nyuma yangu Tumpe, maana yeye ndiye aliyejua pa kubana. Na kwa kuwa nilikuwa naona kizunguzungu, ilibidi anikumbatie. Tulipita katikati ya gulio, ndugu zangu, siku ya gulio, mzee wa kanisa amelowa, amekumbatiwa na mke wa mwanawe. Wanawake wa kwaya waliokuwa wanauza ndizi walisimama wima, mmoja akavua kitambaa kichwani, sijui kwa heshima gani.

Zahanati muuguzi akauliza, "Mgonjwa anaitwa nani?" Tumpe akanyamaza, maana jina langu halitaji.

"Humjui?"

"Namjua."

"Jina lake basi."

Tumpe akatazama sakafu. Muuguzi akaniangalia kwa huruma mpya. "Mzee, huyu binti umemtoa wapi?"

Nikajitaja mwenyewe, nikaeleza kwamba aliyenipiga ni bunduki, na aliyekuwa ameishika ni mimi. Akanishona bila kuuliza tena, ila sindano ilikuwa inatetemeka kwa kicheko.

Tuliporudi, tuliwakuta wazee wamekaa sebuleni. Mzee Ambakisye alikuwa ameifuta bunduki na kuifungia sandukuni, wala hakusema neno juu ya darubini, jambo lililoniuma kuliko nyuzi. Begi la Tumpe lilikuwa mlangoni. Gwakisa amesimama kando yake kama mtu anayelinda maiti. Tumpe akapita mlango wa nyuma, akajificha tena nyuma ya pazia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mama Tumpe akasema, "Nilikuja kutazama heshima. Nimeona mkwe amemkalia binti yangu."

Nikaanza kujitetea, mke wangu akanikanyaga mguu. Mzee Ambakisye akasema, "Mama Tumpe, hebu tumuulize na mwenyewe."

Pazia likatikisika. "Mama," sauti ikatoka, ya adabu sana, "mimi nilijificha kama mlivyonifundisha. Yeye ndiye aliyenifuata."

Mama Tumpe alijitahidi, nilimwona anajitahidi, akaangalia dari, akaangalia kikombe, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akajifunika uso kwa kanga, akacheka mpaka akaomba maji. Mume wake akafuata. Gwakisa akalichukua begi taratibu, akalirudisha chumbani kabla watu hawajabadili mawazo. Mimi nikatozwa mbuzi kwa kosa la kuingia mahali pa mkwe bila kukohoa, nikamtoa kwa moyo wa shukrani, na wakwe wakaondoka wawili kama walivyokuja.

Nguruwe nao, kwa mlio ule, hawakuonekana kwa muda mrefu, na wapo majirani wanaosema bunduki ilifanya kazi yake. Mimi nilikwisha kuirudisha, nikachukua ile nyembamba, na mpira wa kitakoni, na darubini nikamwachia fundi wao wiki nzima, sikumuuliza mara mbili. Na nimemwahidi Mungu, kwa kinywa hiki, kwamba kitu chochote nitakachonunua tena, iwe jembe, iwe koti, iwe hata sufuria, nitauliza kwanza kinatakiwa kufanya kazi gani, nisiulize mkwe wangu wa Kiwira anacho cha ukubwa gani.