Alasiri Ambayo Mama Alilala Mchangani

Jumapili iliyopita niliona mwanamke amelala usingizi kwenye mchanga wa mto Tshopo, kitambaa usoni, nikamkumbuka mama.

Mama alikuwa akiuza mafuta ya mawese sokoni Mangobo. Sikuwahi kumwona amelala mchana. Alasiri moja nilipokuwa mdogo, papa, baba yangu, alitupakia kwenye baiskeli, mama nyuma, mimi mbele, akatupeleka mtoni. Mchanga ulikuwa wa moto, maji yalinguruma kwenye maporomoko, na harufu ya samaki wa kuchoma ilitanda kila mahali. Papa akaenda kununua chikwangue, mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani. Mama akavua viatu, akatandika kitenge, akalala chali juani na kufumba macho.

Nilimwita, hakuitika. Mikono yake, ambayo haikukosa kazi hata siku moja, ilikuwa imetulia tu mchangani. Nikakimbia nikilia.

"Papa, mama amekufa!"

Papa aliangusha chikwangue, tukarudi mbio. Mama akafumbua jicho moja.

"Kuko nini?"

"Mutoto anasema ulikufa," papa alisema akihema.

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Niko napumuzika tu. Haujaona bado mutu anapumuzika?"

Kweli, nilikuwa sijaona. Leo najua jinsi alivyokuwa amechoka. Siku ile niliona aibu tu. Akanivuta kando yake, nikaweka kichwa kwenye mkono wake uliojaa joto la jua. Papa akaketi upande wa pili, akapangusa mchanga kwenye chikwangue.

"Lala tena," alimwambia. "Siye tuko hapa."

Mama akalala, na mimi pia.