Alipima watoto tisa, shule ikawatoa saba

Saa mbili asubuhi, ndani ya stoo ya shule ya msingi, mwanamke wa miaka hamsini na saba amepiga magoti sakafuni na kipande cha chaki. Anachora mstari mrefu kutoka mlangoni hadi kwenye rundo la madawati yaliyovunjika. Akimaliza anajipukuta vumbi, anaita jina la kwanza.

Anaingia msichana wa miaka tisa, kola imekaa upande na vifungo vya shati vimepishana.

"Pita juu ya mstari, mama. Kisigino kiguse vidole. Usikimbie, hakuna anayekufukuza."

Msichana anakwenda hatua tatu, ya nne anapepesuka na kushika ukuta. Anarushiwa mpira mara kumi, anadaka mara mbili. Anapewa uzi na shanga. Shanga zinamponyoka na kutawanyika. Anaziangalia zinavyobingirika, kisha anauliza kwa sauti ya chini, "Bibi, nitachapwa?"

"Humu ndani hachapwi mtu. Tuokote, tuanze upya."

Watoto wamembatiza Mama Mipira, na jina limemganda hata ofisini. Kazi yake ni kupima jinsi viungo vya mtoto vinavyoshirikiana: mguu na mguu, jicho na mkono, vidole na kalamu. Yuko peke yake kwa shule arobaini na tatu. Kwa miaka minne amepima watoto 1,640, na 97 kati yao amewakuta na shida iliyo wazi.

"Hawa ndio wanaoitwa wavivu," anasema. "Mwandiko mbaya, daftari chafu, anaanguka mwenyewe bila kusukumwa. Akili ni nzima kabisa, ila mikono inachelewa kupata habari."

Anavijua vizuri viboko vinavyofuata, kwa sababu aliwahi kuvichapa.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na mwaka mmoja bintiye wa kwanza aliangukia darasani kwake. Mtoto alikuwa akijibu kila swali kwa mdomo, lakini akiandika, herufi zinapandana. Nyumbani alimwaga chai, alivunja vikombe, viatu vilimshinda kufunga. Mama mtu akamtania kwa jina la Mwaga-Mwaga, na nyumba nzima ikalidaka.

"Nilimsimamisha mbele ya wenzake ameshika daftari wazi, ili wacheke," anasema, macho sakafuni. "Nilidhani aibu itamnyoosha. Usiku namwandikisha ukurasa mmoja mara tano, analia, na mimi nimekaza roho."

Binti aliacha shule akiwa na miaka kumi na tano. Miaka mitatu baadaye, mama alihudhuria semina ya walimu. Mtoa mada akasoma orodha ya dalili za mtoto ambaye viungo vyake havishirikiani, moja baada ya nyingine. Mama huyo akatoka nje katikati ya somo, akakaa kwenye ngazi.

"Ilikuwa kama mtu anasoma habari za mwanangu. Kila mstari ni yeye."

Akiwa na miaka arobaini na mbili aliacha ualimu, akarudi chuoni kusomea kazi hii. Alimwomba bintiye radhi. Binti huyo, ambaye sasa ana miaka thelathini na tatu na analea watoto wawili, alikubali kuzungumza na mwandishi kwa dakika chache tu.

"Radhi nimeipokea," alisema. "Lakini mpaka leo, nikitakiwa kusaini kitu mbele ya watu, jasho linanitoka. Hilo Mama hawezi kuliondoa. Amepima watoto wa watu wote, mimi ndiye niliyemponyoka."

Mama Mipira aliamini angalau wengine watanufaika na kosa lake. Miaka miwili iliyopita alipima darasa la sita la shule moja yenye sifa, akakuta watoto tisa wenye shida. Aliwaandika majina na kushauri waongezewe muda kwenye mtihani, wakae mbele, na wanaoshindwa kuandika wajibu kwa mdomo. Mkuu wa shule akapiga muhuri na kumshukuru sana.

Muhula uliofuata alirudi kuwaangalia. Saba hawakuwapo.

Aliambiwa wamehama. Hakuelewa mpaka alipokutana njiani na fundi viatu, baba wa mmoja wao. Fundi akatoa mfukoni barua iliyokunjwa mpaka ikachakaa kwenye mikunjo.

"Mama, soma hapa," alisema. "Wameandika ni wewe umesema mwanangu hafai."

Barua ilianza hivi: "Kwa mujibu wa taarifa ya mtaalamu." Chini yake shule ilieleza kwamba haina uwezo wa kumhudumia mtoto wa aina hiyo. Mwisho wa mwaka, bila wale saba, shule ilishika nafasi ya pili katika mtihani wa kanda na kufanya sherehe.

"Nilikwenda kwa mkuu. Akaniambia, 'Mama, wewe ulipima, mimi nikaamua. Kila mtu na kazi yake.' Hakunyanyua hata macho."

Alipotafutwa, mkuu huyo alisema wazazi walihamisha watoto kwa hiari yao, akakata simu.

Mama Mipira aliandika malalamiko mara tatu. Alijibiwa mara moja, kwa mstari mmoja: barua yako imepokelewa. Tangu hapo majina anawakabidhi wazazi mkononi, na shule anaipa ushauri wa darasa zima. Kwa hilo amepewa onyo la maandishi kwamba anakiuka utaratibu.

"Kwa kuwatoa watoto hakuonywa mtu," anasema, na kucheka kicheko kikavu. "Nilikuwa mwalimu, nikaumiza mmoja. Nimekuwa mtaalamu, nimeumiza saba."

Kati ya saba, amewapata watano. Wawili hawataki kusikia neno shule. Watatu wamekubali kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi kama watahiniwa wa kujitegemea, akiwemo binti wa fundi viatu, mwenye miaka kumi na minne sasa. Kila Jumamosi Mama Mipira anawafundisha nyumbani kwake, na amebakiza miezi kumi na minne kustaafu.

Wiki ijayo atawapeleka kujiandikisha. Karani wa ofisi ya mitihani ameshamweleza sharti: fomu ijazwe na mtahiniwa mwenyewe, kwa mkono wake, pale pale dirishani, na foleni ni ndefu.

"Nimemwambia karani, tutafika wa kwanza, na hakuna atakayemharakisha mtoto," anasema Mama Mipira. "Watakaokuwa nyuma yetu wanitukane mimi. Binti wa fundi akichukua asubuhi nzima kuandika jina lake, nitasimama naye asubuhi nzima."