Plagi Zenye Moto, Plagi za Moto: Anyesi na Pikapu ya Kibakwe

Upepo wa Dodoma bado haujaanza kurusha vumbi. Nje ya duka la vipuri la Yahaya, Miyuji, Anyesi Ndahani ameinama juu ya injini ya pikapu kuukuu aina ya Pijo 504. Anauliza swali ambalo humuuliza kila mteja kabla hajagusa spana.

"Gari lako linakwenda wapi, na linabeba nini?"

"Dada fundi, nimekuja kutengenezewa gari, sijaja polisi," anajibu mwenye gari, Gerson, mkulima wa vitunguu kutoka Kibakwe, milimani kupita Mpwapwa.

Anyesi anacheka, lakini anasubiri jibu.

Gerson anaeleza. Hushuka na vitunguu na kupanda na mbolea, mzigo juu ya mzigo. Tangu abadilishe plagi, injini inagonga kila ikikuta mlima, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya sufuria. Na leo limetokea jipya: ametoa ufunguo, injini ikaendelea kunguruma.

"Hayo ni mashetani," inasikika sauti kutoka ndani ya gari. "Nimemwambia ampelekee mchungaji, yeye kaleta kwa fundi."

Ni mama yake, Bi. Angelina, jicho moja likiwa chini ya bandeji. Amefanyiwa upasuaji na jana aliruhusiwa kutoka hospitali. Daktari amemkataza vumbi na msukosuko wa basi. Kiti cha mbele cha pikapu hii, vioo vikiwa vimefungwa, ndiyo njia yake ya kufika nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nifikishe nyumbani. Mbuzi wangu wananikumbuka kuliko huyu."

Gerson hacheki. Anaogopa kwamba pistoni imeshaungua. Akikosa injini, anasema, hana pa kupata nyingine, na vitunguu vitaozea shambani.

Anyesi alijifunza kazi hii katika karakana ya shirika moja la umma la usafirishaji. Miaka ile plagi mpya ilikuwa adimu. Walizisugua za zamani kwa brashi ya waya na kuzirudisha kwenye injini mpaka zichakae kabisa. Mwaka 1992 wafanyakazi walipunguzwa, naye akiwamo. Kiinua mgongo chake kilinunua sanduku la spana, na kilichobaki kikawa ada ya watoto.

"Nilizunguka maduka yote nikiomba pembe ya kukaa," anasema. "Mzee Yahaya hakuniuliza kama mwanamke anaweza. Aliniuliza kama nina kiti. Nikasema sina. Akanipa cha kwake."

Sasa soko limefunguliwa na maduka yamejaa plagi za kila nchi. Tatizo, anasema Anyesi, limehamia kwenye kuchagua.

Anazifungua plagi nne za Gerson na kuzipeleka juani. Kauri zinazozunguka ncha zake zimekuwa nyeupe kama chokaa, na moja ina malengelenge.

"Ulisemaje dukani?"

"Nilisema nataka plagi zenye moto. Zile za zamani zilikuwa hazitoi moto."

"Wakakupa plagi za moto."

"Si ndizo hizo hizo?"

Sizo. Plagi yoyote nzima hutoa cheche, na cheche hiyo ndiyo watu huiita moto. Lakini mafundi wakisema plagi ya moto, wana maana ya plagi inayotunza joto. Hiyo huifaa injini inayozunguka polepole mjini, ambayo ingejaza plagi nyingine masizi. Injini inayobeba mzigo mlimani inahitaji plagi ya baridi, inayotoa joto haraka. Ya moto ikipelekwa huko huwa kaa la moto, na huwasha petroli hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Anyesi anageuza kauri moja moja, akitafuta vidoa vinavyong'aa. Vikiwapo, ni chembe za pistoni iliyoanza kuyeyuka. Gerson ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Hakuna," anasema Anyesi baada ya kuitazama ya nne. "Mshukuru Mungu. Umewahi."

Gerson anakaa chini, palepale kwenye vumbi.

Lakini rafuni kwa Yahaya zimebaki tatu tu za baridi ambazo shingo yake, sehemu inayoingia kwenye injini, inalingana. Gerson anashauri ya nne irudishwe ileile ya zamani. Anyesi anakataa, kwani ni hiyohiyo moja itakayotoboa pistoni. Anageuka kulitazama gari la Yahaya lililoegeshwa kando, nalo ni Pijo la kubebea mizigo, lenye plagi za baridi kama hizo.

"Usinitazame hivyo," anasema Yahaya. "Mimi nitakwenda na nini nyumbani?"

"Na miguu, mzee. Area D si mbali."

"Anyesi, wewe utanimaliza." Anamrushia ufunguo.

Plagi ya Yahaya imetumika, na nafasi kati ya ncha ya katikati na kikucha chake imepanuka. Anyesi anaisugua, kisha anakigonga kikucha taratibu kwenye chuma, akipima kwa kibati chembamba cha nusu milimita na ushee. Kibati hakitakiwi kukwama wala kupwaya. "Kipite kama mkono kwenye mfuko wa sketi," anasema. Zile mpya tatu nazo anazipima, maana upya wa boksi si kipimo. Anaziingiza zote kwa vidole kwanza, spana baadaye.

Gari linawashwa, linazungushwa mpaka lipate moto, linarudi. Gerson anatoa ufunguo. Injini inanyamaza papo hapo.

"Asante, mwanangu," Bi. Angelina anasema, akinyoosha mkono dirishani. Anaushika wa Anyesi, wenye grisi, na hauachii upesi.

Pikapu inapoondoka, Yahaya ameshaanza kusema habari nyingine. Amekubali kumpa Anyesi plagi kwa mali kauli, auze ndipo alipe, ili afungue kibanda Mpwapwa mwaka huu ukiisha.

"Yeye ndiye aliyenipa kiti, na sasa ananipa mzigo," anasema Anyesi, akifunika tundu la plagi iliyotolewa kwenye injini ya Yahaya kwa kitambaa safi. "Nataka nikae pale barabara inapoanza kupanda. Aliyeuziwa vibaya mjini anikute kabla ya mlima."