Nilitafuta Jina la Baba Kwenye Simu

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla hujaanza kunihurumia. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenichokoza kiasi hicho, na sikuwa nimekunywa kitu. Nilikuwa na akili zangu zote siku ile nilipomvua baba yangu nguo mbele ya watu.

Jina langu liache. Mimi ni mwanamke wa Kampala, nina miaka thelathini na minane, nauza mabeseni na ndoo za plastiki kwa jumla kule Kikuubo. Nimekulia Makindye, karibu na kambi ya jeshi, kwa sababu baba alikuwa askari. Yeye ni mtu wa kaskazini, mama ni Muganda, na nyumbani tuliongea Kiswahili cha kambini. Hata kugombezwa tuligombezwa kwa Kiswahili. Ndiyo maana nakwambia haya kwa lugha hii.

Baba alistaafu akiwa sajenti. Mtaa mzima unamwita Afande. Ujanani alikuwa bondia wa jeshi, na kulikuwa na jambo moja ambalo kila mtoto wa mtaa wetu alilijua kabla hajajua kusoma: Afande aliwahi kwenda Olimpiki!

Hakuleta medali. Alisema alitolewa pambano la kwanza kabisa. Lakini alikwenda! Alipanda ndege na timu ya taifa, akala ukumbi mmoja na watu wa dunia nzima. Alitusimulia jinsi chakula kilivyokuwa kingi mpaka mabondia wengine wakazidi uzito. Shuleni nikichokozwa nilikuwa nasema, "Unajua baba yangu ni nani wewe?"

Jamani, nilivyokuwa najivunia!

Sasa, ng'ambo ya barabara kutoka kwa wazazi wangu kuna duka la Mzee Ramadhani. Yeye ni Mnubi, na ni rafiki wa baba tangu enzi za jeshi. Mkewe anauza chai na chapati hapo nje, na kuna televisheni juu ya kaunta. Kila Jumapili mchana nikienda kuwasalimia wazazi, namkuta baba amekaa hapo na wenzake, nami navuta kiti. Mimi ni mtu wa michezo kuliko kaka zangu wote. Hilo nalo nililipata kwake.

Jumapili hiyo Olimpiki ilikuwa inaendelea. Mtu akauliza, katika wanamichezo wote waliopata kushindana huko, wa michezo yote, nani mkubwa kuliko wote? Wee! Chai ilisahaulika.

"Mkimbiaji," Mzee Ramadhani akasema. "Kila mtu duniani amewahi kukimbia, hata asiye na viatu. Sasa ukiwa wa kwanza katika jambo ambalo dunia nzima inalifanya, nani yuko juu yako? Kuogelea anaogelea nani? Mimi miaka yote naishi karibu na ziwa, na wallahi nikitumbukia leo mtanizika kesho."

Watu wakacheka. Mimi nikasema hapana, mkubwa ni yule binti wa jimnastiki. Nikasimama kabisa na kuonyesha kwa mikono. "Anaruka, anajipindua hewani, anatua kwa miguu miwili juu ya ubao mwembamba kama huu mkono wangu! Mkimbiaji akikosea anachelewa. Huyu akikosea anavunja shingo."

Baba alikuwa anakoroga chai. Halafu akasema, "Ubao haumchukii."

"Unasema nini, baba?"

"Ubao haumchukii huyo binti. Maji hayamchukii muogeleaji. Bondia peke yake ndiye ana mtu mbele yake aliyeamka asubuhi, akasali, akanywa uji, ili aje amwangushe."

Nikamuuliza ni bondia gani mwenye medali nyingi kama za waogeleaji. Akanijibu palepale kwamba bondia hata awe shujaa namna gani, anaruhusiwa medali moja tu kila Olimpiki, wakati muogeleaji anaingia majini asubuhi, anarudi jioni, kesho anaingia tena. "Ukihesabu medali, umemdhulumu bondia kabla hajavaa glavu." Nikasema ndondi ni ujanja wa majaji. Akasema, "Na huyo binti yako wa jimnastiki anaamuliwa na nani? Malaika?"

Walicheka mpaka fundi pikipiki mmoja akapiga meza. Nilikuwa nashindwa. Na mimi, nikwambie ukweli, sijazoea kushindwa. Kikuubo ukishindwa kuongea, mteja anakwenda duka la pili. Ulimi wangu ndio unaonilisha.

Ndipo baba akatoa silaha yake ileile ya siku zote. Akaegemea kiti, akasema taratibu, "Mimi nilikuwa kule. Ninyi mmeona kwa televisheni."

"Afande amemaliza!" wakapiga kelele.

Maneno hayo nimeyasikia tangu niko mdogo. Ubishi wowote wa michezo uliishia hapo. Siku hiyo yakanichoma. Nikatoa simu.

Naapa mbele yako, sikuwa na shaka naye hata chembe! Nilitaka tu kuona alipigana na nani na alidumu raundi ngapi, nisome kwa sauti, nimtanie, tucheke. Nikatafuta mwaka ule aliosema alikwenda, nchi yetu, ndondi. Orodha ikaja. Nikasoma kutoka juu hadi chini. Nikasoma kutoka chini hadi juu. Nikatafuta uzito wake, nikatafuta uzito wa juu yake na wa chini yake.

Hakuwemo.

Nilipoinua macho, baba alikuwa ananitazama. Alikuwa ameshajua ninachokitafuta.

"Mama," akaniambia. Ananiita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Mama, weka simu. Chai inapoa."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza! Ningesema mtandao unasumbua. Ningesema betri imekwisha. Sauti yake ilikuwa chini kabisa, sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Lakini mimi katika sauti ile nilisikia kitu kimoja tu, kwamba leo nimemshinda.

Nikasema kwa nguvu, wote wasikie, "Baba, mbona jina lako halimo? Mabondia wote wa mwaka ule wapo hapa. Wewe humo! Kumbe na wewe umeona kwa televisheni kama sisi!"

Yule fundi alicheka kidogo, akaacha.

Baba aliinuka. Aliweka kikombe chini. Akafunga kifungo cha juu cha shati lake, kama mtu aliyeitwa ofisi ya mkuu wa kikosi, akavuka barabara, akaingia nyumbani.

Mzee Ramadhani akazima televisheni.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Mzee, mimi nimesoma kilichopo."

"Unadhani mimi sikujua?" Akainama juu ya kaunta. "Mimi nilikuwa dereva wa lori hapo kambini. Mimi ndiye niliyeipeleka timu uwanja wa ndege wa Entebbe. Niliwaona wakishuka mmoja mmoja na mabegi yao. Baba yako hakuwa katika lori langu."

Nikamuuliza, "Na miaka yote hii anakushinda kwa maneno hayo, hukuwahi kumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwani yeye hajui?"

Nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa jikoni, anamenya ndizi. Hakuinua uso. Sijui nani alimfikishia habari haraka hivyo. Nikamwambia, mama, naomba unieleze. Akanieleza huku anamenya, hakusimama hata mara moja.

Baba alichaguliwa kweli. Alikuwa kijana, hana mpinzani katika uzito wake kambini. Alipimwa suti. Kule kwao Kitgum padri alitangaza kanisani, kanisa zima likamwombea, bibi yangu akachinja mbuzi wake. Siku mbili kabla ya safari, nafasi yake akapewa mwingine, mtoto wa ndugu wa mkubwa mmoja. Hakuna aliyemweleza sababu. Aliambiwa arudishe begi, suti akaachiwa.

"Angerudi kwao aseme nini?" mama akaniuliza. "Kwa mama yake aliyechinja mbuzi?"

Akajificha Ggaba, kando ya ziwa, kwa rafiki yake, akawa anaparua magamba ya samaki sokoni mpaka timu iliporudi. Ndipo akavaa ile suti akaenda Kitgum. Bibi alimpokea njiani kwa vigelegele, wanawake wa kanisa nyuma yake wanaimba. Watu wakauliza, ilikuwaje huko? Akasema, nilipigwa pambano la kwanza. Hata katika uongo wake hakujipa ushindi!

"Alikuwa anangoja mama yake afe ndipo aseme," mama akaendelea. "Bibi yako alipokufa, ninyi mlikuwa mmeshaipeleka hadithi shuleni. Mimi aliniambia kabla hatujaoana. Alilia."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

Ndipo akanitazama. "Ningekwambia, ungeweza kunyamaza?"

 

Nilikwenda nikapiga magoti mlangoni pa chumba cha baba, nikaomba msamaha. Nilitamani anitukane! Nilitamani anipige kofi kama mtoto! Alifungua mlango, akanishika mkono, akaniinua. "Inuka, mama. Hujakosea. Ulisoma kilichoandikwa." Akafunga tena, polepole.

Mtaa ukaanza. Unajua walimwitaje? Afande wa Televisheni. Maneno yangu mwenyewe! Madereva wa bodaboda waliyapiga kelele akipita kwenda kununua sukari. Mtu ambaye walikuwa wanasimama kumpisha. Nilimfuata mmoja mpaka kwenye kituo chao nikamshika shati, nikampigia kelele mpaka sauti ikakauka. Kesho yake waliongeza.

Basi nikafanya ujinga wa pili. Nikapita kwa majirani nyumba kwa nyumba nasema orodha za kwenye mtandao zina makosa, wameruka watu wengi, nimeulizia, baba alikwenda kweli. Wengine waliitikia kwa huruma, na huruma yao ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Baba akasikia. Akaniita.

"Usinidanganyie," akasema. "Uongo wangu ulinitosha. Sasa unataka tuwe wawili?"

Ilikuwa mara ya mwisho kuongea naye ana kwa ana kuhusu jambo hilo.

Mzee Ramadhani alivuka barabara siku tatu mfululizo kumwita aje wakae. Siku ya tatu alikaa kibarazani kwetu peke yake mpaka chai aliyobeba kwenye chupa ikapoa. Baba hakutoka. Mzee aliinuka na kuniambia, "Mimi nilikuwa radhi kushindwa. Kingenikera nini? Nilikuwa na rafiki."

Kabla mwezi haujaisha baba alipanda basi la kaskazini. Alisema anakwenda kuangalia shamba. Shamba lenyewe analima mpwa wake, halina haja naye. Mama anakwenda na kurudi, na kila akirudi amekonda. Hanilaumu. Ananipikia nikija, ananiuliza habari za biashara, na akimaliza kuuliza tunakaa tunasikiliza redio ya jirani.

Nimefanya kila ninachokijua. Nimesafiri mpaka Kitgum mara mbili. Ananipokea vizuri, ananichinjia kuku, ananionyesha mihogo. Nikifungua mdomo kuhusu jambo lile, anakumbuka kwamba ana kazi nje. Nimepeleka padri. Nimepeleka kaka zangu. Unamwombaje msamaha mtu anayekwambia kila siku kwamba hukukosea?

Juzi nilimpigia simu. Akanieleza habari za mvua. Nikajikaza, nikatafuta namna ya kumrudisha, nikamwambia, "Baba, huku kazini wananibishia. Wanasema mkubwa wa Olimpiki ni mkimbiaji. Niwajibu nini? Nisaidie, nashindwa."

Nilimsikia akifukuza kuku.

"Sijui, mama," akasema. "Mimi mambo hayo siyajui."

Baba yangu! Mtu ambaye angeacha chakula mezani ili akubishie habari ya ndondi! Nilikaa chini kati ya mabeseni, wateja wananiita, siwezi kuinuka.

Wewe unayesoma haya, una mzee nyumbani? Ana lile neno lake analomalizia ubishi, ambalo umelichoka, ambalo unahisi halijakaa sawa? Nakuomba, iache simu mfukoni. Hujui amelibeba kwa ajili ya nani. Hujui ni watu wangapi waliokaa hapo wanajua, na wamechagua kunyamaza kwa sababu wanampenda. Nilidhani mimi ndiye mwerevu pale, kumbe nilikuwa mjinga peke yangu.

Mwache ashinde! Utapoteza nini? Mimi nilishinda ubishi mmoja Jumapili mchana, na tangu siku hiyo sina mtu wa kubishana naye.